Mkono Mmoja Mfukoni

Karakana yetu iko nyuma ya ghala la korosho, Chikongola,
chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa mbao,
kiyoyozi kinakohoa tangu mvua za kwanza.
Humu vipimo huja kupimwa,
vimefungwa vitenge kama wagonjwa.

Somoe Nangomwa hakunipa kitabu.
Alinipa kiti, na sanduku la rangi ya majivu
lenye mshale mmoja na sufuri katikati.
"Kitambua-sufuri hiki, Mfaume,
hakijui volti ngapi. Kinajua tofauti.
Kiulize: hawa wawili wamelingana?
Kitainama kushoto, kitainama kulia,
au kitatulia."

Kushoto mwa meza, chanzo chetu chenye muhuri;
kulia, mgeni kutoka mtambo wa gesi,
aliyeletwa juu ya godoro nyuma ya pikapu.
Nikanyoosha kidole kwenye swichi ya usikivu.
"Acha! Kianze kiziwi.
Ukikifungua masikio wakati wawili wako mbali
utakipasua ngoma."
Akavuta droo: mshale uliopinda kama ndoano.
Nikauliza ni wa mjinga gani.
"Wangu. Nilikuwa na haraka ya harusi, Mikindani."

Basi, kiziwi kwanza.
Volti kumi. Mia moja. Elfu.
Nikazungusha, nikarudisha, unywele kwa unywele,
nikaongeza usikivu hatua moja, nikangoja,
hatua nyingine, nikangoja,
maana joto la kidole kwenye skrubu ya shaba
nalo ni volti, ndogo kama deni la kiberiti,
lakini mshale ukishaamka unalidai.

Ukatulia.
Katikati kabisa, kama mtoto aliyeshiba.
Nami, kwa furaha, nikapeleka mkono
kuunyoosha waya uliokaa upande.

Sikusikia alivyofika. Nilihisi kiwiko kimeshikwa.
"Sufuri ya nani hiyo?"
Nikanyamaza.
"Wakwezi wawili, minazi miwili,
wamelingana vichwa huko juu. Pima kati yao: hakuna kitu.
Sasa pima kutoka kwao hadi ardhini,
uliposimama wewe
na viatu vyako vilivyolowa."

Volti elfu moja zilikuwa pale,
zimekaa kwenye waya wa kushoto, zimekaa kwenye waya wa kulia,
zimekubaliana,
na mshale haukuwa na neno.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu;
sijui wao walikuwa wameshika waya gani.

Tangu hapo
plagi naitundika msumarini, kifaa kinakula betri tu,
kisikanyage ardhi kwa mlango wa nyuma.
Zulia la mpira chini ya miguu.
Kazi ikiisha, chanzo kishuke kwanza, hadi chini,
nithibitishe kwa mita nyingine, si kwa imani,
ndipo nifungue skrubu.
Na mkono wa kushoto mfukoni,
umeme usipate njia ya kukatiza kifuani
toka kiganja hadi kiganja.

Kwenye cheti cha yule mgeni niliandika:
tofauti, mikrovolti tatu.
Somoe akasoma mara mbili, akagonga muhuri,
akaniuliza kama nimekula.

Jioni, kwa mama muuza mihogo wa Magomeni,
nililipa kwa kulia, nikapokea kwa kulia,
chumvi na pilipili nikanyunyiza kwa kulia,
karatasi ikaniponyoka mara mbili.
"Mwanangu," akasema, "huo mwingine umeumia?"
Nikautazama mfuko.
Ulikuwa bado humo,
umekunja vidole, unangoja chanzo kishuke.